Ukuta Nyuma ya Hodhi

Jumatatu, 3 Machi

Leo hodhi la kuogea limeingia ndani. Lilikaa uani miezi kumi na mmoja chini ya turubai, na majirani wawili wamewahi kuniuliza kama nafuga samaki. Fundi bomba amelifunga tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Huyu fundi kila unachomwambia hujibu "hamna shida", kwa hiyo mtaa mzima humwita Hamna Shida, naye huitika. Nilimwambia ukuta wa bafuni ni mwembamba, akasema hamna shida. Nilimwambia upande wa pili wa ukuta huo ndipo anapolala mama mkwe wangu, akasema hamna shida, akaupiga ukuta kofi kama mtu anayemsifia ng'ombe.

Hodhi alilinunua mke wangu kwa ajili ya mama yake, ambaye magoti na nyonga vinamsumbua. Daktari alisema kukaa kwenye maji ya moto kutamsaidia kuliko vidonge. Siku lilipoletwa mke wangu aliingia ndani yake palepale uani, na viatu vyake, akajilaza, akaniagiza nimletee gazeti. Wiki sita baadaye akaanza kuugua. Tangu Agosti hayupo.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu nilizoea kumsimulia siku yangu kila jioni, na sasa siku zinajaa tu, hazina pa kwenda. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa hapa nyumbani. Shule niliishia darasa la saba, ila mwandiko wangu unasomeka.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Imeanza saa nne na haijakatika.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mama ameoga kwenye hodhi kwa mara ya kwanza.

Nilijaza maji, nikapima joto kwa kiwiko, kisha nikaenda kukaa kwenye cherehani na kuikanyaga kwa nguvu ili ajue niko mbali. Mkwe wa kiume na mama mkwe wana mipaka yao. Tumeishi nyumba moja miaka kumi na mmoja, na karibu maneno yetu yote yalipitia kwa mke wangu. "Mwambie mumeo chumvi imeisha." "Mwambie mama kesho nitachelewa." Tunakuwa tumekaa sebule moja wote watatu, tunasikiana vizuri, na bado yeye anarudia kama mkalimani, tena mara nyingine anatia na yake: "Mama anasema chumvi imeisha, na hilo shati halikupendezi."

Sasa hakuna wa katikati. Mama alipotoka bafuni alisimama mlangoni pa chumba changu cha kazi, akaitazama sakafu.

"Maji yalikuwa mazuri," akasema.

"Asante, mama."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo yote.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua kidogo asubuhi. Mama ameoga. Amepanga siku zake ni Jumatano na Jumamosi. Nimemaliza sketi sita za shule.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Shemeji amekuja.

Huyu ni kaka wa mke wangu, mwalimu wa udereva. Miaka yote ya kukaa upande wa abiria na kukanyaga breki ya pili imemharibu mguu: hata akiwa kwenye kochi, ukisema jambo lisilompendeza, mguu wake wa kulia unabonyeza zulia. Dada yake alimwita Breki, na hata wanafunzi wake wanamwita hivyo, wakidhani hajui.

Alikunywa chai, akaniita pembeni.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Dada hayupo. Watu wananiuliza kwa nini mama yangu analelewa na mkwe wakati mimi mwanawe ni mzima."

"Unawajibu nini?"

"Sina jibu. Ndiyo maana nakwambia."

Kisha akaingia chumbani kwa mama kumuaga, akatoka uso umebadilika. Chini ya ukuta, karibu na miguu ya kitanda, kuna doa la unyevu kubwa kama sahani. Rangi imeanza kututumka.

"Kifua chake unakijua," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. Mwaka juzi mama alilazwa siku tisa kwa nimonia, na Breki ndiye aliyelala kwenye kiti cha hospitali siku zote tisa. "Mvua zikiisha nitakuja kuangalia. Nikikuta ukuta uko hivi, namchukua. Hawezi kulala na maji."

Mama alikuwa palepale anakunja nguo. Hakusema kitu. Nilichukua kimya chake kuwa ni ndiyo.

Akiondoka, nyumba hii itabaki mimi na cherehani.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Nimemwita Hamna Shida. Hakuinama hata kuangalia hodhi, alitazama dari.

"Mvua imeanza lini?"

"Jumanne."

"Doa mmeliona lini?"

"Jana."

"Sasa unaniuliza nini? Hilo ni paa."

Ili nisijisikie vibaya akaongeza tabaka jipya la gundi nyeupe kuuzunguka mdomo wa hodhi, ule wa chuma unaotokea ukutani na kumwaga maji, akaufunga pande zote kama bahasha. Akasema hamna shida.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Jana umeme ulikatika, mama hakuoga, na doa bado ni sahani. Fundi wa paa amebadilisha bati moja na kupiga misumari upya. Amesema, "Sasa mvua utaisikia tu, hutaiona."

Jumamosi, 15 Machi

Mvua kubwa. Mama ameoga.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kubwa. Nimebisha mlangoni kwa mama, nikaomba ruhusa, nikaingia. Doa limekuwa sinia. Nimechukua chaki yangu ya buluu ya kuchorea vitambaa, nikalizungushia mstari pembeni yake na kuandika tarehe, kama ninavyochora kola.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Mama ameoga.

Ijumaa, 21 Machi

Doa limeupita mstari wa chaki kwa vidole vitatu. Nimechora mwingine.

Jumapili, 23 Machi

Mvua tangu alfajiri. Breki alikuja kidogo na matunda. Aliponiambia anaingia kumwona mama nilijiandaa kwa maneno, lakini alitoka ametulia.

Alipoondoka nikaenda kuangalia. Mama ametundika kitambaa ukutani, kuanzia misumari ya picha hadi chini kabisa. Nakijua kitambaa hicho, ni mabaki ya gauni la maua ya njano nililomshonea mke wangu mwaka tulipohamia hapa. Alikuwa akilivaa anatembea kwa madaha hata akienda kutupa taka. Na juu ya kitanda kulikuwa na mfuko wa safari wa mama, uko wazi, una nguo zilizokunjwa.

Nilirudi kwenye cherehani. Ina maana anafungasha, na kitambaa ameniwekea mimi, nisijisikie aibu kila nikiingia. Nimeshona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, nikalazimika kufumua.

Jumanne, 25 Machi

Mama amekohoa mara nne kabla ya chakula cha mchana.

Jumatano, 26 Machi

Mvua imekatika saa mbili asubuhi. Mama ameoga.

Ijumaa, 28 Machi

Jua. Nimefungua madirisha yote. Watu wameanika magodoro.

Jumamosi, 29 Machi

Jua. Mama ameoga.

Jumapili, 30 Machi

Jua, siku ya nne bila tone. Na doa limekua.

Nilibaki nimechuchumaa mbele ya ukuta na chaki mkononi kama mjinga. Mistari imeshakuwa mitatu pamoja na wa leo, mmoja ndani ya mwingine. Juu paa limekauka kabisa, nimepanda mwenyewe kwenye ngazi nikaligusa, linachoma. Maji yanatoka wapi?

Nikachukua daftari hili nikalisoma kutoka mwanzo. Nilikuwa naandika mvua kwa mazoea tu, kama mtu anavyoanza barua kwa salamu. Lakini nilipoweka tarehe za chaki upande mmoja na za daftari upande mwingine, nikaona. Kati ya tarehe tisa na kumi na tano mvua ilinyesha karibu kila siku, na Jumatano ile mama hakuoga kwa sababu umeme ulikatika. Doa halikusogea. Limekua baada ya Jumamosi. Likakua tena baada ya Jumatano iliyofuata. Na wiki hii yenye jua, limekua.

Ukuta haujali mvua. Unafuata Jumatano na Jumamosi.

Nilikwenda kumwambia mama, na kwa mara ya kwanza nilijikuta nimekaa kwenye kiti cha chumbani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nitaacha kuoga humo," akasema. "Nitaoga kwa ndoo. Ukuta utakauka, na mwanangu hatakuwa na la kusema."

"La kusema kuhusu nini, mama?"

"Kuhusu kunichukua. Wewe unadhani hicho kitambaa nimekitundika kwa urembo? Akija anaangalia ukuta kama askari wa barabarani anavyoangalia matairi."

Nikauangalia ule mfuko. Akaona ninapoangalia.

"Kabati la chini lina unyevu. Nguo nimezihamishia humo."

"Nilidhani unataka kwenda."

"Kwa Breki? Kule naitwa mgeni rasmi. Hata kijiko hawaniachi nioshe. Nikiinuka wote wanainuka. Hapa angalau nagombana na kuku wa jirani." Akalinyoosha shuka. "Na wewe unataka niende?"

"Hapana."

"Sasa mbona husemi?"

"Sikuwa na wa kumtuma, mama."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuja baadaye, yake na yangu.

Ila nimemkatalia ndoo. Akisimama kuoga magoti yanatetemeka na anashika ukuta. Hodhi lilinunuliwa kwa ajili yake, na ataoga ndani yake, na ukuta utakuwa mkavu. Vyote viwili.

Jumanne, 1 Aprili

Nimempelekea Hamna Shida habari za daftari. Alicheka mpaka akaweka spana chini.

"Yaani fundi, unapima ukuta kwa chaki? Utauongezea na mifuko?"

Nikamwambia aje aufungue ule mdomo aangalie.

"Nitakuja Jumamosi. Wewe shona nguo, mimi nifunge mabomba, dunia iende."

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua imerudi. Hamna Shida hajaja. Nimempigia simu mara mbili, amesema yuko njiani, na nyuma yake nilisikia watu wakishangilia mpira.

Nikasema, gundi si kitu ila mshono. Nikachukua kile kisu changu kidogo cha kufumulia, nikapiga magoti ndani ya hodhi, nikaufumua mshono wa Hamna Shida chini ya mdomo. Ilichukua dakika ishirini kwa sababu ni matabaka mawili. Kisha nikafungua maji.

Kwanza hakuna kitu. Halafu tone. Halafu tone lingine, halafu uzi mwembamba wa maji ukatokea nyuma ya mdomo, pale pale nilipofumua, ukateremka juu ya vigae.

Maji hayakuwa yanatoka mbele tu. Mengine yalipenya nyuma, mdomo unapoungana na bomba, yakalifuata bomba kurudi ukutani. Na gundi ile nzuri ilikuwa imeziba njia pekee ambayo yangetokea tukayaona. Kwa hiyo yalikwenda upande wa pili, kwa mama.

Nikamwita. Alikuja na fimbo yake, akasimama kizingitini, kisha akaingia kabisa. Sisi wawili hatujawahi kuwa bafuni pamoja tangu nioe. Akainama kadiri alivyoweza.

"Kumbe ni wewe," akauambia ule uzi wa maji.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Nimefunga maji ya nyumba nzima na kuufungua mdomo. Nilitegemea mizunguko saba au nane. Ulitoka kwa mizunguko miwili na nusu, kama kifungo kilichoshikiliwa na uzi mmoja.

Kipande cha bomba kinachotoka ukutani ni kifupi. Meno yake ya kukazia yanaushika mdomo kwa ncha tu. Nimekipima kwa futi yangu: kimepungua sentimita mbili. Mtu akipunguza suruali kiasi hicho, mteja hamlipi.

Jumanne, 8 Aprili

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi kuna mama mmoja anayejua kila kitu kilichoko kwenye makasha yake bila kuangalia. Nilimwonyesha kipimo, akanyoosha mkono nyuma akakitoa kipande cha urefu ninaoutaka. Akanipa na tepu nyeupe nyembamba, ile wanayozungusha kwenye meno ya bomba ili maji yasipenye.

"Umeshawahi?"

"Sijawahi. Mimi ni fundi cherehani."

"Basi kuzungusha uzi hakukushindi."

Alhamisi, 10 Aprili

Kipande cha zamani kimetoka bila kuvunjikia ukutani. Hilo peke yake lilinitoa jasho kuliko suti tatu. Nikafunga kipya, nikazungusha tepu mara tano, nikakaza mdomo. Safari hii uliingia mizunguko saba.

Nikafungua maji. Yakavuja.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua kubwa. Nimerudia. Tepu mara kumi. Ninapokaza mdomo, tepu inasukumwa na kutokea pembeni kama pindo lililochanika. Yamevuja. Mama ameoga kwa ndoo, akiwa amekaa kwenye kiti, na nimesikia kiti kikiteleza. Nilisimama nje ya mlango nikishindwa kuingia na kushindwa kuondoka, mpaka aliposema, "Niko salama, usiharibu zulia kwa kutembea."

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Breki amekuja bila taarifa na amekuta mdomo wa hodhi juu ya meza ya chakula.

Alikwenda moja kwa moja chumbani, akafunua kitambaa. Nikasikia mguu ukikanyaga sakafu.

"Nani amechora hizi ramani?"

"Mimi. Zinaonyesha—"

"Zinaonyesha maji, shemeji. Maji nayaona bila chaki." Akakaa kitandani pa mama. "Mwite fundi."

"Fundi ndiye aliyeharibu."

"Na wewe ndiye unayetengeneza? Mimi siwezi kushona hata kifungo, lakini siendi kwa fundi cherehani nikamwambia sogea."

Wakati huohuo mama akakohoa sebuleni, kikohozi kirefu, na Breki akafumba macho. Nikamwona jinsi alivyokuwa kwenye kile kiti cha hospitali, hajanyoa siku tisa. Si kiburi kinachomleta hapa. Ameshamzika dada.

"Sitasubiri mvua ziishe," akasema. "Jumapili ya tarehe ishirini na saba nakuja na gari."

"Sitaki aende," nikasema.

Akanitazama. Miaka yote hii hajawahi kunisikia nikisema sitaki.

"Na mimi sitaki augue," akasema. "Tarehe ishirini na saba."

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Sikushona.

Jumanne, 15 Aprili

Niandike hili polepole, nisilikosee.

Asubuhi nilifungua mdomo tena, nikasafisha meno kwa mswaki wa zamani, nikaanza kuzungusha tepu. Mama alikuwa ameleta kigoda chake koridoni akakaa anitazame mlango ukiwa wazi. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Unazungusha upande gani?" akauliza.

"Upande wa kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Nikaangalia mikono yangu. Miaka thelathini na mmoja nimejaza bobini, kile kijigurudumu cha uzi wa chini, kwa mkono, uzi ukinijia mimi, upande uleule, bila kufikiri. Tepu nayo nilikuwa naizungusha hivyohivyo.

"Na huo mdomo unaukaza kwenda wapi?"

"Kulia. Kama mishale ya saa."

"Basi kila unavyoukaza, unaifungua tepu." Akaweka ungo chini. "Nimefanya kazi kiwanda cha kamba miaka ishirini na miwili. Ukisokota kushoto halafu ukavuta kulia, kamba inaachia. Wasichana wapya wote walikosea hivyo, na msimamizi aliwafokea wiki nzima."

"Umeliona lini hili?"

"Sasa hivi. Zile siku mbili ulifunga mlango."

Ni kweli. Nilifunga kwa heshima.

Nikatoa tepu yote. Nikazungusha kwenda kulia, mkono ukinigomea kana kwamba naandika kwa mguu. Mara sita, nikiivuta, nikiibonyeza kwenye meno kwa ukucha. Mama akihesabu kutoka koridoni. Nikashika mdomo, nikaukaza: mmoja, miwili, mitatu. Tepu haikutoka pembeni. Ililala. Mizunguko saba na kidogo, mdomo ukitazama chini sawasawa.

Nikachukua kipande cha kitambaa cha kijivu, aina ambayo tone moja likikigusa hugeuka cheusi, nikakisukuma nyuma ya mdomo mpaka kwenye kigae. Nikafungua maji yote. Hodhi likajaa robo, nusu. Mama akaacha mchele akaja kusimama karibu yangu. Dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani.

Nikakivuta kitambaa. Kijivu chote, mwanzo hadi mwisho.

Nikampa mama. Akakipapasa, akakiweka shavuni, akakigeuza.

"Kikavu," akasema.

Nilikaa kwenye ukingo wa hodhi. Nilitaka kusema kitu cha maana na kilichotoka ni kicheko, na mama akanipiga begani kwa kile kitambaa, mara tatu, kama mtu anayekung'uta vumbi. Hajawahi kunigusa kabla ya leo.

"Mwanangu," akasema, "umemshinda Hamna Shida."

"Tumemshinda."

"Mimi nilikuwa nachambua mchele."

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Mama ameoga kwenye hodhi, dakika arobaini. Nimerudisha gundi juu na pembeni mwa mdomo. Chini nimeacha wazi. Siku maji yakitaka kutoroka, yapite mbele yangu.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua, na doa halijasogea.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua. Doa limerudi nyuma hadi chaki ya 30 Machi.

Jumanne, 22 Aprili

Mawingu. Limefika chaki ya 21 Machi. Nimetundika feni yangu ya kazini chumbani kwa mama, inapuliza ukuta mchana kutwa. Nashona kwa jasho. Mama ameshusha kitambaa cha maua, amenipa nikipige pasi.

Alhamisi, 24 Aprili

Hamna Shida amepita. Nadhani kasikia. Aliinama, akaingiza kidole chini ya mdomo, akakitoa, akakitazama kikiwa kikavu.

"Hapa chini umesahau gundi."

"Sikusahau."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, si jambo la kila siku.

"Ili maji yaonekane," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Aisee." Akakuna kichwa. "Nimefunga mahodhi mengine mawili mwezi uliopita." Alipotoka aliazima kile kisu changu cha kufumulia.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote msimu huu. Mtaro wa mbele umefurika. Nimegusa ukuta mara sita. Chaki ya kwanza iko mahali pakavu kabisa, na rangi iliyotutumka nimeikwangua na kupaka nyingine. Imebaki harufu ya rangi tu. Nina hofu hata hivyo.

Jumapili, 27 Aprili

Breki amefika saa nne na gari la shule ya udereva, lile lenye kibao juu. Kiti cha nyuma ametandika mito. Nilipoiona ile mito moyo ulinishuka, maana ni mtu aliyejiandaa kwa upendo.

Hakusalimia sana. Alikwenda chumbani, akapiga magoti, akaweka kiganja ukutani. Halafu mgongo wa mkono. Halafu, sikutegemea, akaweka shavu. Mistari ya chaki nilikuwa sijaifuta, kwa hiyo alifuata tarehe kwa kidole, kutoka nje kuja ndani.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

"Niko kwenye maji," ikajibu sauti kutoka bafuni.

Leo si Jumatano wala Jumamosi. Alijaza mwenyewe nilipokuwa nafagia uani.

Breki akaenda kusimama mbele ya mlango wa bafuni.

"Mama, nimekuja kama nilivyosema."

"Nimekusikia tangu ulipozima gari. Ukuta umeugusa?"

"Nimeugusa."

"Ukoje?"

Breki akanitazama. Nikatazama dari.

"Mkavu."

"Sema kwa sauti, mwanangu, mlango umefungwa na maji yananguruma."

"Mkavu, mama."

"Na jana mvua ilinyesha au haikunyesha?"

"Ilinyesha."

"Basi mito hiyo uliyobeba iingize ndani, mgongo wangu unaitaka. Siendi popote. Nakupenda, nitakuja kwako sikukuu, nitakaa siku tatu, mtaniinukia mpaka mchoke. Lakini nyumbani kwangu ni hapa. Sasa kanywe chai, mimi bado nina nusu saa."

Nilidhani atabisha. Alibaki amesimama na mkono kwenye mlango, kisha nikaona mabega yakitikisika, akaanza kucheka kwa sauti ya dada yake. Sikuwahi kujua kwamba walicheka sauti moja. Ilinibidi nigeuke niangalie dirisha.

Tulikunywa chai. Alinihoji kila kitu, meno, tepu, upande wa kuzungusha, nami nikamwonyesha kwenye mpini wa ufagio. Akaniuliza kama maji ya moto yanasaidia kweli, maana yeye kutwa amekaa kwenye gari na kiuno chake siku hizi hakinyooki. Nikamwambia amuulize mama. Akaingiza mito mwenyewe, yote minne.

Jumatano, 30 Aprili

Jua. Mama ameoga. Nimefuta chaki kwa kitambaa kibichi na ukuta ukakauka kabla sijakikamua.

Jumapili, 4 Mei

Jua. Breki amekuja na taulo begani. Mama amemwambia akae asubiri zamu yake.